Douglas Rennison na Ubeti wa Tatu

Tumekuja kumzika, aliyekataa nusu,
Kwake wimbo kukatika, kulichoma kama kisu.

Baba Mchungaji, wazee wetu, mama zetu, kaka na dada mliotoka Al Mansoura, Al Sadd na kambi za mbali za wafanyakazi hapa Doha mkaacha usingizi wa zamu ili mfike hapa, Wakristo na Waislamu, wana wa Kenya, Tanzania na Uganda, pamoja na walimu wenzake na wanafunzi wake, poleni kwa msiba na ahsanteni kwa kuja. Familia imeomba yasomwe maisha ya ndugu yetu, naye mwenyewe alipokuwa hai aliacha agizo moja juu ya usomaji huu, kwamba yasomwe yote, matamu na machungu, wala asitokee mtu wa kuyapunguza ili wasikilizaji wafurahi.

Marehemu Douglas Edwin Rennison alizaliwa tarehe 6 Machi 1951 katika mji wa Sunderland, kaskazini mashariki mwa Uingereza, akiwa mtoto wa pili na wa mwisho wa Mzee Edwin Rennison, fundi wa kuchomelea vyuma katika karakana ya kuunda meli, na Bi. Edith, aliyekuwa akisafisha madarasa siku za kazi na kupiga kinanda kanisani siku za Jumapili. Dada yake alifariki angali mchanga, kwa hiyo Douglas alilelewa peke yake, katika nyumba ambamo kila jioni baba aliingia na harufu ya chuma, akaliweka kopo lake tupu la chakula juu ya meza, akasimulia meli ya wiki ile imefikia wapi, na mama akamcheka kwa namna alivyoisifu kana kwamba ameiunda peke yake.

Elimu yake ya msingi na ya sekondari aliipata katika mji huohuo, akamaliza mwaka 1967, na hatuwezi kudanganya kwamba alikuwa mwanafunzi wa kuigwa, kwani alipenda masomo mawili tu, muziki aliofundishwa na mama yake kwenye kinanda cha kanisa, na ushairi aliofundishwa na mwalimu mmoja mkali aliyewahesabisha watoto mizani kwa vidole, silabi kwa silabi, mpaka mshororo ukae sawa. Mwalimu yule alistaafu, akafariki, lakini vidole vya Douglas havikuacha kuhesabu, na waliowahi kula naye meza moja wanakumbuka jinsi kidole gumba chake kilivyokuwa kikigusa vidole vingine taratibu, watu wakiongea, yeye akipima maneno yao bila wao kujua.

Alipotoka shuleni aliingia karakana alimofanya kazi baba yake, akajifunza kuchomelea kwa miaka miwili, kisha akaliacha lile dude la moto akashika gitaa, akaunda bendi na rafiki yake wa utotoni aliyeitwa Tom, mpigaji wa gitaa la besi, wakawa wanapiga muziki wa roki katika vilabu vya wafanyakazi. Mwaka 1976 alifunga ndoa yake ya kwanza, ambayo ilidumu miaka kumi na mitano, hawakujaliwa mtoto, wakaachana bila ugomvi, na mama yule ametuma salamu za rambirambi ambazo familia imezipokea kwa heshima.

Mwaka 1978 karakana ya meli ilifungwa, na ndipo Douglas alipotunga wimbo ambao umebeba jina lake mpaka leo, wimbo wa beti tatu, ambao ubeti wake wa kwanza unasimulia meli mpya ikishushwa majini, bendera zikipepea na watu wakishangilia, ubeti wa pili unasimulia wasichana darajani wakiwapungia mafundi mikono, na ubeti wa tatu unasimulia lango lililofungwa mnyororo, na baba anayerudi nyumbani mchana badala ya jioni, akaliweka juu ya meza kopo lake la chakula halijafunguliwa, asiseme neno. Wimbo ulirekodiwa mwaka 1979, lakini kampuni ya santuri ikaona ni mrefu mno kwa redio, ikaukata ubeti wa tatu bila kumwuliza, ikautoa madukani ukiwa na beti mbili, nao ukapendwa kuliko nyimbo zote za mwaka ule katika eneo lao, ukawa wimbo wa kurukia harusini, kwa kuwa bila ubeti wa tatu ulikuwa ni meli, bendera na wasichana tu. Mzee Edwin alikuwa katika harusi moja ya ukoo ulipopigwa, vijana wakaruka, wakamvuta mkono naye acheze, yeye akatoka nje akasimama mvuani bila koti mpaka ulipokwisha, na Douglas alimwona kupitia dirisha.

Tangu jioni ile aliweka sharti ambalo hakulivunja mbele ya tajiri wala maskini, kwamba wimbo ule uimbwe mzima au usiimbwe kabisa. Mwaka 1980 aliitwa katika kipindi kikubwa cha televisheni, akaambiwa achezeshe midomo tu huku kanda ikilia, tena kanda ile ya beti mbili, akalilaza gitaa lake sakafuni, akawaeleza kwamba ataimba kwa koo lake na beti zote tatu, la sivyo anarudi nyumbani, na akarudi nyumbani. Kampuni ikamwacha, vilabu vikubwa vikamwogopa, lakini yeye na Tom waliendelea kutunga na kurekodi kwa nguvu zao wenyewe kwa miaka zaidi ya ishirini, wakiuza santuri mlangoni baada ya onyesho, na vijana wengi wa Uingereza waliokuja kuwa wanamuziki wamesema kwamba kwake walijifunza kuwa mtunzi anaweza kukataa na bado akaishi. Baba yake alifariki mwaka 1984, mama yake mwaka 2001, na alipomaliza kumzika mama hakuwa tena na mtu wa kumfungulia mlango Sunderland.

Mwezi Oktoba 2003, akiwa na umri wa miaka hamsini na miwili, alifika hapa Doha kwa mkataba wa miezi sita wa kuimba jioni katika sebule ya hoteli moja ufukoni, akiwa amekubaliana na wenye hoteli kwamba nyimbo atazichagua mwenyewe, na wenye hoteli wakiwa wamekubali wakidhani ni maneno tu ya msanii. Katika sebule ile alikuwapo mhudumu mmoja kutoka Kisii, Kenya, Bi. Loice Kerubo Nyakundi, ambaye miongoni mwa kazi zake ilikuwa kuchukua vikaratasi vya wageni vilivyoandikwa majina ya nyimbo wazitakazo, mara nyingi vikiwa vimefungiwa noti ndani, na kumpelekea mwimbaji. Usiku wa kwanza Douglas alikirudisha kikaratasi na noti yake, akamwambia, "Mwambie mimi si sanduku la muziki la kutumbukizia sarafu." Bi. Loice, ambaye alihitaji kazi yake, akaenda kwenye meza akatabasamu akasema, "Mwimbaji anashukuru sana, ila leo koo linamsumbua." Ikawa hivyo kwa majuma, mwimbaji akitoa majibu makali na mhudumu akiyafikisha yakiwa yamepoa, mpaka mgeni mmoja mwema alipomletea Douglas dawa ya koo, na hapo siri ikafichuka.

Alimfuata Bi. Loice jikoni, akamwambia mbele ya wapishi, "Dada, usinipunguzie maneno yangu." Naye Loice, aliyekuwa na trei ya glasi mkononi, akamjibu, "Basi yapeleke mwenyewe, uone kama utarudi na meno." Wapishi walicheka, Douglas alisimama kidogo kana kwamba anaipima ile sentensi kwa vidole, kisha naye akacheka, na wale waliokuwapo wanasema hapo ndipo uchumba ulipoanza, ijapokuwa wenyewe walichelewa kulitambua.

Walifunga ndoa tarehe 16 Desemba 2006 huko Kisii, mama mzazi wa Loice akawabariki, baba yake akiwa amekwisha kutangulia mbele za haki, lakini kaka yake mkubwa, Bwana Nahashon Nyakundi, ambaye alikuwa hapa Doha katika kazi ya ulinzi na ndiye aliyemlipia dada yake tiketi ya kwanza ya kuja Ghuba, hakuomba likizo ya kwenda. Alisema waziwazi kwamba dada yake ameolewa na mtu aliyemkaribia baba yao kwa umri, asiye na kanisa wala akiba, na mwenye ubishi ambao hata mwajiri wake umemshinda. Juu ya mwajiri hakukosea, kwani mwaka 2007 hoteli ilimwagiza Douglas aimbe ule wimbo wake katika sherehe ya mgeni mkubwa, beti mbili za furaha tu, naye akajibu kama alivyojibu televisheni, mkataba ukaisha, na kama si shule moja ya kimataifa iliyokuwa ikitafuta mwalimu wa muziki, angeondoka nchini na kumwacha mkewe.

Shuleni alifundisha miaka minane, akiwarudisha watoto mwanzo wa wimbo mara nyingi kuliko walivyopenda, na nyumbani, katika chumba chao cha Al Mansoura juu ya duka la simu, alirekodi nyimbo zake za mwisho akiwa na Paul, kijana wa Kampala aliyekuwa mlinzi kwa ajira na mpiga ngoma kwa vipaji vyote alivyopewa na Mungu. Kwa kuwa kiyoyozi kilinguruma na mngurumo ukaingia katika sauti, Douglas alikizima, mwezi wa Julai, madirisha yamefungwa, wakapiga hivyo mpaka jasho likadondoka juu ya ngozi ya ngoma, na Paul akasema, "Mzee, tutakufa, lakini tutakuwa tumekufa tumerekodi vizuri." Douglas akamwambia, "Hujarekodi vizuri. Rudia." Kazi ile ilisambazwa kwa mkono kutoka kambi hadi kambi, na wapo hapa leo madereva na walinzi wanaoijua kwa moyo.

Tarehe 9 Septemba 2008 Mungu aliwajalia binti, Cheryl Edith, na mwaka uliofuata jamaa waliamua kufanya sherehe ya kumshukuru Mungu kwa mtoto, Ijumaa ya tarehe 20 Machi 2009, katika ukumbi mdogo ulio juu ya mkahawa wa Al Mansoura, ambao mpishi wake alikuwa Bi. Saida wa Tanga, jirani na rafiki wa familia. Nahashon alikubali kuja. Kwa Bi. Loice hilo lilikuwa zaidi ya sherehe, kwani mama yake alikuwa mbali, baba hayupo, na katika nchi hii ya kazi na mikataba alikuwa na damu yake moja tu ya utoto, naye alitaka kuona mume wake na kaka yake wameketi meza moja na mwanawe katikati.

Akamwomba Douglas aimbe wimbo wake, mzima. Douglas akamwuliza, "Wataketi mpaka mwisho?" Loice akamjibu, "Hapa kwetu watu hawaketi, Douglas. Ukiimba vizuri, watasimama."

Aliimba ubeti wa kwanza, watu wakapiga makofi, akaimba wa pili, akina mama wakacheza mabega, akauanza ubeti wa tatu, sauti ikashuka, ukumbi ukatulia, na alipofika pale kwenye kopo la chakula, Nahashon akainuka kutoka kiti cha karibu na mlango, katika shati lililonyooshwa kwa pasi, akatoa noti mpya mfuko wa kifuani, akaja mbele kwa mwendo wa kucheza, polepole, bega baada ya bega, vigelegele vikalipuka, akambandika noti mwimbaji kwenye paji la uso lililolowa jasho, ikanata. Kila Mkenya, Mtanzania na Mganda aliyekuwamo alielewa kilichotokea, kwamba kaka wa mke amemtuza mume wa dada yake mbele ya watu, na kwa kitendo hicho amesema yale yote ambayo kwa zaidi ya miaka miwili hakuyasema. Asiyeelewa alikuwa mmoja tu. Yeye aliona noti, aliyokuwa akiirudisha kila usiku hotelini, aliona mtu anacheza juu ya ubeti wa baba yake, kama walivyocheza wale vijana siku ya mvua, akaacha kuimba. Aliibandua ile noti, akaikunja, akaitia katika mfuko wa shati la Nahashon, akasema kwa Kiswahili alichofundishwa na Loice, "Huu hauuzwi."

Nahashon hakupaza sauti, alisema tu, "Sawa, mzee, umesikika," akaelekea mlangoni, na alipopita alipokuwa dada yake na mtoto mgongoni akamwambia, "Mawe ya Tabaka kwetu Kisii tunayachonga, Kerubo, lakini huyu wako hachongeki," akashuka ngazi.

Baada ya wageni kuondoka, Bi. Saida alimkuta Douglas ameketi kwenye ngazi, akaketi ngazi ya chini yake akamweleza bila kumficha, "Baba Cheryl, yule kaka hakuja kukununua. Kwetu sisi mtu akikutuza ameshawaambia watu wote kwamba wewe ni wake. Sasa wewe umemrudishia undugu wake mfukoni." Saida amesema kwamba siku ile ndiyo siku pekee aliyoviona vile vidole vimetulia.

Ijumaa iliyofuata alikwenda kambini kwa Nahashon kuomba radhi, na Nahashon alimpokea kwa chai, akamsikiliza, kisha akamwambia, "Shemeji, ulinikataa mbele ya watu, utanikubali mbele ya watu. Imba wimbo uleule, pale pale, na mimi nitasimama tena." Douglas akamwambia kwamba radhi anaiomba kwa moyo wote, lakini kuimba kwa sharti hawezi, kwani akiimba kwa sharti atakuwa ameuza kweli, na huo ndio mwiko wake tangu ujana. Nahashon akasema, "Basi kunywa chai yako, upate njia." Kila mmoja alikuwa na haki yake, na haki zao zote mbili zikamwangukia Bi. Loice, ambaye kwa miaka saba, kila Krismasi, alipika mara mbili, chakula cha mume nyumbani na chakula cha kaka kambini, akawa tena yule mhudumu wa kupeleka majibu kutoka meza hii hadi meza ile, safari hii bila kupunguza neno, kwa kuwa alikuwa amekatazwa. Mwaka 2013 walihamia Al Thumama, nyumba yenye meza ya watu sita, na Loice aliweka viti sita, vitano vya nyumbani na vya wageni, na cha sita, cha kaka yake, hakikukaliwa.

Tom alifariki huko Sunderland mwaka 2011, naye Douglas hakuweza kwenda kumzika, jambo lililomwuma sana. Mwezi Novemba 2015, akiwa darasani, sauti yake ilipasuka katikati ya wimbo na haikurudi, akapimwa, akaambiwa ni saratani ya koo, akafanyiwa upasuaji mwezi Januari 2016 na kufuatiwa na matibabu ya mionzi, akatoka hospitali akiwa hai, lakini ile sauti aliyoilinda isikatwe na mtu ikawa imebaki mnong'ono. Alipoombewa ruhusa ya kupumzika shuleni, wanafunzi walimwandikia kadi moja kubwa, naye alisahihisha vina vya shairi lao kwa kalamu nyekundu akairudisha, wakaitundika darasani hivyohivyo.

Tarehe 15 Aprili 2016, siku ya Ijumaa, palikuwa na jioni ya kumuaga Paul, aliyekuwa amemaliza mkataba na anarudi Kampala, katika ukumbi uleule juu ya mkahawa wa Bi. Saida. Douglas alikuwa bado mdhaifu, Loice akamsihi abaki nyumbani, hakumsikiliza, wakaja wakaketi nyuma. Nahashon naye alikuja, kwa kuwa Paul alikuwa rafiki wa kila mtu, na kwa kuwa yeye ndiye sauti nzito ya kwaya yetu aliombwa aimbe wimbo wa kwao wa kumsindikiza msafiri, akasimama, akaimba peke yake bila chombo. Katikati ya wimbo Douglas akainuka.

Loice akamshika mkono wa shati, akamnong'oneza, "Unakwenda wapi?" lakini alikwisha kwenda, kwa fimbo, kupitia katikati ya meza, akitupa bega moja kisha jingine kama mtu anayevuka mto juu ya mawe asiyoyaamini, akicheza vibaya kuliko mtu yeyote aliyepata kucheza katika ukumbi ule, na mtu wa kwanza kuelewa alikuwa Bi. Saida, aliyepiga kigelegele kutoka mlango wa jikoni, mwiko mkononi. Douglas alimfikia Nahashon, akatoa noti mfuko wa kifuani, akambandika kwenye paji la uso. Ukumbi mzima ukangoja kuona shemeji atafanya nini na noti ile. Nahashon hakuacha kuimba. Aliimba mpaka mwisho wa wimbo, noti usoni, machozi yakishuka mashavuni, na alipomaliza alimshika Douglas mabegani, kwa sababu miguu ya Douglas ilikuwa imekwisha nguvu, akasema, "Shemeji, umekawia."

Douglas alisema jambo ambalo waliokuwa karibu tu waliweza kulisikia, nao wamelihifadhi. Alisema, "Maisha yangu yote nimeilaumu kampuni. Siku ile aliyeukata ubeti wa tatu ni mimi."

Na hapo Nahashon akamweleza kile ambacho kwa ukaidi wake hakuwahi kumweleza yeyote, hata dada yake, aliyekuwa mdogo mno kukumbuka, kwamba baba yao alipofutwa kazi katika kiwanda cha majani chai alirudi nyumbani mchana, akaiweka mezani chupa yake ya chai haijafunguliwa, akaketi akiiangalia, na kwamba aliposikia lile kopo katika wimbo, yeye mlinzi aliyezoea kusimama bila kutikisika hakuweza kubaki kitini, kwa hiyo hakuja kucheza juu ya ubeti ule, alikuja kwa sababu ya ubeti ule. Kwa miaka thelathini Douglas alikuwa amemtafuta mtu atakayeguswa na mishororo ile minne, naye alikuwa amekuja mwenyewe, na akarudishwa.

Kuanzia Ijumaa iliyofuata kiti cha sita kilikuwa na mtu. Nahashon alikuja Al Thumama kila alipotoka zamu, Loice akapika mara moja, na baada ya chakula Douglas alimfundisha ubeti wa tatu kwa mnong'ono wake, akigonga meza kwa kidole kila silabi, na kila Nahashon alipoivuta sauti kupita mahali pake, kidole kiligonga mara mbili na mnong'ono ukasema, "Rudia." Nahashon akalalamika, "Shemeji, hata sajini aliyenifunza kazi alikuwa akinihurumia." Cheryl, aliyekuwa akisikiliza, akamwambia, "Mjomba, shuleni walisema baba alikuwa mpole kwa watoto tu." Ilimchukua Nahashon majira yote ya joto mpaka siku moja ya Oktoba alipofika mwisho wa mshororo wa nne na kidole hakikugonga. Alingoja, akadhani mzee amelala, akamtazama, akamkuta macho wazi, akamwambia, "Enhe?" na Douglas akasema, "Hivyo ndivyo unavyoimbwa."

Saratani ilirudi mwezi Desemba. Alilazwa tarehe 20 Januari 2017, na akafariki Alhamisi, tarehe 2 Februari 2017, asubuhi, mkewe akiwa amemshika mkono wa kulia na shemeji yake mkono wa kushoto, akiwa na umri wa miaka sitini na mitano. Hakuwa mtu rahisi, wala familia haijaomba aitwe hivyo leo, alipoteza kazi, marafiki na miaka ambayo haikumlazimu kuipoteza, lakini hapana hata mtu mmoja katika mji huu atakayesema kwamba Douglas alimwambia jambo ambalo hakuliamini, na alipotambua kosa lake alilitafutia njia ya kulifuta asiyowahi kuipita, kwa miguu iliyokuwa haimbebi.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia kwa uvumilivu, hasa wauguzi wa zamu ya usiku ambao aliwasahihisha namna ya kuimba wimbo wa kuzaliwa, uongozi wa shule, walimu na wanafunzi, majirani wa Al Thumama na wa Al Mansoura, kwaya ya kanisa hili, ndugu wa Kisii waliochangia maombi kwa simu, na Bi. Saida, ambaye tangu Alhamisi hajazima jiko. Familia inawashukuru pia wote waliomwimbisha, waliomkasirikia na waliomsubiri.

Marehemu aliagiza kwamba wimbo wake uimbwe katika maziko yake, mzima au usiimbwe kabisa, na kwamba santuri isipigwe, kwa kuwa iliyosambaa duniani ni ile iliyokatwa, na akaongeza kwa Bi. Loice, katika juma lake la mwisho, kwamba atakayeguswa asizuiwe kusimama.

Lala sasa, Douglas, mume wa Loice, baba wa Cheryl, kidole kitulie, hapana tena wa kukukatia.

Beti mbili za kwanza zitaimbwa na kwaya. Ubeti wa tatu marehemu aliwafundisha watu watatu katika maisha yake, ambao ni Tom, aliyetangulia, Paul, aliyeko Kampala, na Nahashon. Nahashon amekwisha kusimama.